Bakuli Lina Biti Moja

Newala, nyuma ya duka la salfa,
nimepanga chipu tatu juu ya kipande cha khanga
kama apangaye korosho kwa madaraja.
Katibu wa chama cha msingi anataka mizani mpya kabla ya mnada.
"Somoe," kaniambia, "tafuta ya bei rahisi, ila isiseme uongo."
Kana kwamba hao wawili wamewahi kulala kitanda kimoja.

Kihisi cha uzito ni chuma kinachonong'ona.
Kibebeshe gunia zima: milivolti kumi, basi.
Nani kati yenu ana masikio?

Wa kwanza ana biti kumi. Nilimpata bure, ndani ya bodi kuukuu.
Volti tano anazikata ngazi elfu moja na ishirini na nne,
na kila ngazi inakaribia milivolti tano.
Hesabu mwenyewe:
kwake gunia ni hatua mbili.
Hakuna kitu. Nusu. Gunia.

Huyu namjua.
Huyu ni bakuli la kangomba
lililokuja kwetu Februari, mahindi yalipokwisha,
likaondoka na korosho ambazo bado zilikuwa maua.
Bakuli lina biti moja: limejaa, halijajaa.
Kile kilima juu ya ukingo hakikuwa na jina,
na kisicho na jina kilikuwa cha mwenye bakuli.
Mama alilipa vilima msimu mzima.

Wa pili ana mbio. Biti kumi na mbili,
anasoma mara laki mbili kwa sekunde.
Laki mbili za nini? Gunia halikimbii.
Gunia limekaa, linangoja kuaminiwa.
Tena anadai kikuza sauti pembeni,
na kikuza sauti hicho asubuhi, ukungu ukipanda kutoka Shimo la Mungu,
kinasema hili,
saa nane, bati la ghala likichoma, kinasema lile.
Nimemrudisha kwenye kopo.

Wa tatu ni mzito wa kujibu.
Biti ishirini na nne. Mara kumi kwa sekunde, hazidi,
na katika polepole yake anaumeza mngurumo wote wa nguzo za umeme.
Ngazi milioni kumi na sita na ushee!
Katibu akishangilia nitamwambia: ngoja.
Zile za mwisho zinatetemeka. Likiwashwa jenereta la Nang'ombe
zinacheza; nikiegemea meza, zinacheza;
hazijui kitu na haziishi kusema.
Sita nimezikata mwenyewe,
kwani kupima ni pamoja na kujua wapi unyamaze.

Baba alikuwa akitunga mashairi nyuma ya risiti za pembejeo,
vidole nane, kisha nane, midomo ikienda bila sauti.
Mizani, aliziita. Nilidhani anauza kitu.
Risiti moja ninayo, imebandikwa juu ya pasi ya kulehemu:

    Pima pole usivunje, pumzi ya asemaye,
    punje isimege punje, apate chake ajaye,
    na robo isibaki nje, ya mnyonge alimaye,
    mizani haina nguvu, ila kwa asikiaye.

Elfu sita kwa chipu moja. Katibu kakuna kichwa, kalipa.

Leo mama kaja na kiroba chake, kakitua mwenyewe,
karudi nyuma hatua tatu ili asidhaniwe ameshika.
Namba zikayumba, zikatulia.
Ishirini na tatu nukta nne.
Akazitazama kama mtu asomaye barua ya mwanawe.

"Na hiyo nukta nne, anachukua nani?"

"Yako, mama."

Kimya.
Kisha akakishusha kiroba, akakipandisha upya.

"Pima tena."